Mchicha upi, mnavu upi: jinsi ya kutambua mboga za majani kwa jina la kisayansi

Kila mvua zikianza maswali ni yaleyale. Mtu anapiga picha ya jani moja juu ya kiganja na kuuliza jina lake la kisayansi. Mwingine kanunua mbegu za spinachi, zimeota, na kilichoota hakifanani na spinachi anayoiona vitabuni. Mwingine anaishi Uingereza, anataka kuagiza mbegu za mnavu, na orodha ya muuzaji imejaa majina ya Kilatini matupu. Mwongozo huu ni wenu nyote. Nimeshikilia mboga zinazolimwa na kuliwa Tanzania na Kenya, ila njia yenyewe inafaa popote.

Jambo la kwanza, na ndilo linalowakwaza wengi: jani peke yake halitoshi. Jani litakufikisha kwenye familia, mara nyingi hata kwenye jenasi, yaani kundi dogo la mimea ndugu ndani ya familia. Spishi, yaani mmea wenyewe hasa ndani ya jenasi, utaijua kwa ua, tunda na mbegu. Kama huna hivyo, uache mmea ukomae kwanza. Kusubiri ni sehemu ya kazi hii.

## Andaa hivi kabla hujaanza

- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Maua ya mchicha ni madogo mno kwa macho matupu.
- Rula yenye milimita.
- Wembe mkali wa kupasulia ua na tunda.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka karatasi ikilowa. Penseli haifutiki na maji.
- Magazeti ya zamani, vipande vya boksi, na kitu kizito cha kukandamizia.
- Chombo chenye mfuniko na kitambaa kilicholoweshwa, ili mmea usinyauke njiani.
- Simu yenye kamera.

Nadharia ni kidogo tu. Jina la kisayansi lina sehemu mbili: jenasi, yenye herufi kubwa mwanzoni, na neno la spishi, lenye herufi ndogo. Baada yake huja kifupi cha mtu aliyelitoa. Kunde ni *Vigna unguiculata* (L.) Walp.: Linnaeus, yaani L., aliipa spishi jina lake kwanza chini ya jenasi nyingine, na Walpers akaihamishia *Vigna*. Ndiyo maana L. iko ndani ya mabano. Hayo yanakutosha kuanza kazi.

## Hatua 1: Pata mmea mzima, si fungu la sokoni

Mboga za sokoni hukatwa zikiwa changa, kabla ya kuchanua, na fungu moja linaweza kuwa na spishi mbili au tatu zilizochanganyika. Ongea na mkulima akuachie mimea mitatu minne pembeni ya tuta mpaka ichanue na kuzaa. Kama unalima mwenyewe, usivune kila kitu. Acha michache ikomae.

Sukuma wiki na kabichi zina tabia yake: zinahitaji kipindi cha baridi ndipo zichanue. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa unaweza kungoja ua bila kuliona kamwe. Hizo utazitambua kwa majani na umbo, kama nitakavyoeleza mbele.

## Hatua 2: Andika kabla mmea haujanyauka

Andika vitu ambavyo mmea mkavu hautakuonyesha: urefu, rangi ya shina na ya ua, harufu ukifikicha jani, kama jani linanata, kama shina lililokatwa linatoa utomvu. Andika mahali na tarehe.

Andika pia jina la wenyeji, jinsi walivyolitamka, na lugha yao. Managu ya Nairobi ndiyo mnavu wa Tanga. Mgagani huitwa chinsaga kwa Wakisii na dek kwa Wajaluo. Mchicha ni lengalenga Bujumbura na mashariki mwa Kongo. Jina la wenyeji ni ushahidi mzuri wa kuanzia. Kosa ni kuligeuza moja kwa moja kuwa jina la kisayansi kwa kutazama orodha, maana jina moja la sokoni hubeba spishi nyingi.

## Hatua 3: Tafuta familia

Pitia maswali haya kwa mpangilio. Jibu la kwanza la "ndiyo" likupe mwelekeo.

1. Shina likikatwa linatoa utomvu mweupe? Kama ni mti mdogo wenye majani yaliyogawanyika, ni kisamvu (Euphorbiaceae). Kama linatambaa ardhini, ni matembele (Convolvulaceae). Kama ni mmea mlaini wenye maua ya manjano yaliyosongamana kwenye kichwa kimoja, ni ndugu wa saladi na mchunga (Asteraceae).
2. Jani moja lina vijani vitatu? Kunde au mitoo (Fabaceae).
3. Lina vijani vitano hivi vinavyotoka sehemu moja, lina vinywele vinavyonata na harufu kali? Mgagani (Cleomaceae). Usiuchanganye na kisamvu: jani la kisamvu ni moja, sehemu zake zimeungana kwenye shina la jani, wakati vijani vya mgagani kila kimoja kimejitenga.
4. Kuna vikono vya kujishikia kando ya jani? Maboga (Cucurbitaceae).
5. Chini ya ubapa wa jani kuna vijimkia viwili vyembamba vinavyoelekea nyuma? Mlenda wa jenasi *Corchorus* (Malvaceae).
6. Ua lina petali (vijani vya rangi vya ua) nne zilizopangwa msalaba, na stameni (vijiti vya katikati vyenye chavua) sita, nne ndefu na mbili fupi? Familia ya kabichi (Brassicaceae).
7. Ua lina ncha tano za nyota, katikati stameni zimesimama pamoja? Familia ya mnavu na nyanya (Solanaceae).
8. Maua ni madogo sana, makavu, hayana petali za rangi, yamejazana kwenye mashuke? Mchicha (Amaranthaceae).
9. Majani ni manene yenye majimaji na shina linajizungusha kwenye mti? Nderema, *Basella alba* (Basellaceae).

## Hatua 4: Shuka hadi spishi

Hapa ndipo penye kazi. Nitakaa zaidi kwenye makundi matatu yanayokosewa kuliko mengine.

Mchicha (*Amaranthus*, kwa kifupi *A.*). Anza na kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina. Ukikuta miiba miwili mikali, ni *A. spinosus*, mchicha wa miiba unaojiotea shambani. Kama hakuna miiba, tazama mashuke yako wapi.

Shuke kubwa lililo juu ya mmea, laini ukilishika, ni dalili ya *A. cruentus*, ambao hulimwa sana kwa majani na hata kwa nafaka. Likiwa gumu na la kuchomachoma mkononi, elekea *A. hypochondriacus*. Likining'inia chini, refu, ni *A. caudatus*. Majani mapana, pamoja na mashuke ya juu na vifundo vya maua kwenye makwapa, ni dalili ya *A. dubius*. Maua yakiwa kwenye makwapa karibu yote, na ncha ya jani imebonyea wazi, fikiria *A. blitum*.

Sasa shika lenzi. Chukua tunda lililokomaa na ulihesabie vipande vikavu vinavyolizunguka. *A. cruentus*, *A. hypochondriacus* na *A. dubius* wana vitano, na tunda hufunguka kwa kifuniko cha mduara. *A. blitum* na *A. viridis* wana vitatu, na tunda halifunguki. La *blitum* ni laini, la *viridis* limekunjamana. *A. tricolor* ana vitatu pia, ila tunda lake hufunguka. Dakika tano za lenzi hapa zinamaliza ubishi wa siku nzima.

Tahadhari: rangi haiamui. Wengi wakiona mchicha mwekundu huandika *A. tricolor* papo hapo. *A. cruentus* ana aina nyekundu na aina za kijani, na wengine vilevile. Mbegu nyeupe ni alama ya aina za nafaka. Mbegu nyeusi haikuambii spishi.

Mnavu (*Solanum*). Hili ndilo kundi linaloandikwa vibaya kuliko yote. Kwenye ripoti, kwenye pakiti, kwenye mabango ya maonyesho, kila mnavu ni *Solanum nigrum*. Jina hilo ni la spishi yenye asili ya Ulaya na Asia. Mnavu unaolimwa kwetu kwa kawaida ni mwingine, na anayenunua mbegu anaumia kwa kosa hilo, kwa sababu spishi hizi hazilingani kwa ukubwa wa jani, kwa uchungu wala kwa mavuno.

Subiri matunda yaive, kisha fuata hivi:

- Matunda ya rangi ya chungwa au manjano: *S. villosum*. Huhitaji kwenda mbali zaidi.
- Matunda makubwa ya zambarau iliyokolea hadi nyeusi, yanayofika au kupita sentimita moja, yanabaki kwenye mmea hata yakiiva, na majani ni mapana: *S. scabrum*. Huu ndio mnavu wa majani makubwa.
- Matunda madogo meusi yanayong'aa, vikonyo vyote vya kishada vinatoka nukta moja, na sepali (vijani vya kijani vilivyo kwenye kitako cha tunda) zimekunjika kurudi nyuma: *S. americanum*.
- Matunda meusi madogo yasiyokaa kwenye maelezo hayo: kuna spishi nyingine za Afrika, mojawapo *S. tarderemotum*. Ishia *Solanum* sp., yaani spishi haijajulikana, na umpelekee mtaalamu.

Andika rangi ya tunda likiwa bichi na likiwa limeiva, papo hapo shambani. Tunda likikaushwa rangi hubadilika, na ushahidi wako mkuu unapotea.

Tahadhari ya usalama, naomba uisome mara mbili. Usionje matunda ili kutambua mmea. Matunda mabichi ya mnavu yana sumu aina ya solanini. Kuna pia *Datura stramonium*, gugu la familia hiyohiyo linaloota katikati ya mboga na kuvunwa nazo kwa bahati mbaya. Jani lake lina meno makubwa ukingoni na harufu mbaya likifikichwa, ua lake ni refu lenye umbo la tarumbeta, na tunda lake limejaa miiba. Mmea wote ni sumu, hata jani. Na mlio Ulaya: *Atropa belladonna* huzaa tunda jeusi moja moja, likiwa limekalia sepali tano pana, wakati mnavu huzaa vishada. Ukiwa na shaka, usipike.

Spinachi, sukuma wiki, figiri, chainizi. Spinachi ya masoko yetu, yenye uti mpana mnene mweupe katikati ya jani, ni *Beta vulgaris*, spishi moja na biti. *Spinacia oleracea* ni mmea mfupi, wenye majani laini, mara nyingine yenye umbo la ncha ya mshale, na mimea dume na jike hutengana. Ukiagiza mbegu nje ya nchi kwa jina *Spinacia* ukitarajia spinachi ya Kariakoo, utapata mboga nyingine kabisa. Zote mbili ni za familia ya mchicha.

Sukuma wiki ni *Brassica oleracea*. Kabichi ni *Brassica oleracea*. Koliflawa pia. Spishi ni moja, kwa hiyo jina la spishi bila la kundi halimsaidii msomaji. Andika *Brassica oleracea* Kundi la Acephala kwa sukuma wiki, Kundi la Capitata kwa kabichi. Alama yake rahisi ni nta: dondoshea jani maji, na matone yatateleza bila kulowesha.

Figiri, au loshuu kwa watu wa Arusha, kanzira kwa baadhi ya Wakenya, ni *Brassica carinata*. Spishi hii ilitokana na *B. oleracea* kuchanganyika na *B. nigra*, ndiyo maana jani lake linafanana na la sukuma wiki hadi kukuchanganya. Lakini lina ukali wa haradali, na mmea huchanua upesi bila kungoja baridi. Angalia majani ya juu, yale yaliyo karibu na maua: ya *carinata* hayakumbatii shina. Ya *Brassica rapa*, kundi la chainizi, hulikumbatia. Kwenye *rapa* maua yaliyofunguka hupita juu ya vitumba. Kwenye *oleracea* vitumba ndivyo huwa juu. Mwangalie pia muuzaji: wapo wanaoita figili majani ya *Raphanus sativus*, ambaye petali zake ni nyeupe au zambarau hafifu, si za manjano, na mzizi wake umevimba.

Mboga nyingine hazina mzozo mkubwa, nazipitia haraka. Mlenda wa *Corchorus olitorius* una maua ya manjano na tunda refu lenye mistari; ukikuta mlenda wenye ua la waridi lenye umbo la bomba, huo ni wa jamii ya ufuta, *Sesamum* au *Ceratotheca*, familia Pedaliaceae. Mitoo yenye ua la manjano yaliyoiva na ganda jembamba ni *Crotalaria brevidens*; ua la manjano hafifu na ganda lililovimba ni *C. ochroleuca*, ambayo Tanzania inafahamika kama marejea. Kwa majani ya maboga, tazama kikonyo cha tunda: laini, cha mviringo, chenye hali ya gome ni *Cucurbita maxima*, kigumu kinachotanuka kinapogusa boga ni *C. moschata*, kigumu chenye kona kali ni *C. pepo*. Kisamvu cha kawaida ni *Manihot esculenta*, tunda lake lina mbawa nyembamba. Kisamvu cha mpira ni mti mkubwa, *Manihot glaziovii*, na tunda lake halina mbawa. Vyote viwili lazima vitwangwe na kuchemshwa vizuri. Majani ya magimbi: shina la jani likishikilia ubapa kwa ndani, mbali na ukingo, ni *Colocasia esculenta*, likishikilia pale penye mkato, ni *Xanthosoma*.

## Hatua 5: Hakiki jina

Ukishapata jina, litafute kwenye Plants of the World Online, hifadhi ya bustani ya Kew, ambayo haina malipo. Angalia mambo matatu: tahajia, kama jina bado linakubalika, na kama spishi hiyo inapatikana au imeingizwa kwenye nchi yako.

Utakutana na majina mawili ya mmea mmoja. Mgagani ni *Cleome gynandra* kwenye vitabu vingi vya kilimo na *Gynandropsis gynandra* kwenye maandishi mengi ya sasa. Hakuna aliyedanganya. Tumia moja, na la pili liandike mara moja mwanzoni. Familia nazo zimehama: vitabu vya zamani vitakuambia *Corchorus* ni Tiliaceae, *Beta* ni Chenopodiaceae, na mgagani ni Capparaceae.

Kwa anayetaka kwenda ndani zaidi, Flora of Tropical East Africa, mfululizo wa vitabu uliochapishwa kuanzia 1952 hadi 2012, ina funguo (maswali ya hatua kwa hatua kama yale ya Hatua 3) za kutambulia mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Lugha yake ni nzito. Soma ukiwa na mmea mkononi, si peke yake.

## Hatua 6: Kausha kielelezo

Jina lisilo na kielelezo haliwezi kukaguliwa na mtu mwingine. Tandaza mmea wenye ua na tunda ndani ya gazeti, geuza jani moja ili upande wa chini uonekane, weka boksi juu na chini, kandamiza. Badilisha magazeti kila siku kwa siku za mwanzo, la sivyo ukungu utaingia. Nderema na mboga nyingine zenye majimaji zichovye kwanza kwenye maji ya moto sana kwa muda mfupi. Bila hivyo zinaweza kuendelea kukua ndani ya gazeti. Tia mbegu kwenye bahasha ndogo, na nakili maelezo yote ya Hatua 2 kwenye lebo.

## Hatua 7: Andika jina inavyotakiwa

Jenasi na spishi kwa herufi za mlazo. Ukiandika kwa mkono, pigia mstari. Familia huanza kwa herufi kubwa. Ukijua jenasi tu, andika *Amaranthus* sp. Ukimaanisha spishi kadhaa, spp. Ukidhani ni fulani lakini ushahidi haujakamilika, weka cf. katikati: *Solanum* cf. *scabrum*. Hilo si jambo la aibu. Jina kamili lililobahatishwa hunakiliwa na wengine, na likishaingia kwenye ripoti kulitoa ni kazi ngumu.

## Ukikwama

*Programu ya simu inanipa majina matatu tofauti.* Umeipa picha ya jani. Piga upya: mmea mzima, kwapa la jani, ua kwa karibu, tunda lililopasuliwa, na rula ikionekana. Majibu yakiendelea kutofautiana, chukua jenasi inayojirudia na uendelee kwa lenzi.

*Mchicha wangu una dalili za spishi mbili.* Inawezekana kabisa. Spishi za *Amaranthus* zikilimwa jirani huchanganyika. Kagua mimea kadhaa ya tuta lile. Ikiwa kila mmoja una sura yake, andika *Amaranthus* sp. na ueleze ulichoona.

*Mmea ulichanua lakini haukuzaa.* Ua lina mengi ya kusema. Lichore, lipime, hesabu petali na stameni, kisha ishia jenasi.

*Kielelezo kimekuwa cheusi.* Kilikaa na unyevu. Anza upya na mmea mwingine, magazeti makavu, mabadiliko ya kila siku.

*Pakiti inasema* S. nigrum, *matunda yangu ni ya chungwa.* Amini matunda. Andika *S. villosum*, hifadhi pakiti pamoja na kielelezo, na mjulishe aliyekuuzia.

*Nimefuata yote na bado sijui.* Peleka kielelezo hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa: Nairobi ipo ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa, Arusha ipo ya taifa la Tanzania, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake, kama ilivyo kwa Makerere upande wa Uganda. Wapigie kwanza kuuliza utaratibu. Tuma vielelezo viwili vya mmea uleule vikiwa na namba moja, kimoja wabaki nacho, na pamoja navyo lebo yenye mahali, tarehe, jina la wenyeji na rangi ya tunda lilipoiva.